Kofia Kumi za Kwenda Lushoto

Jumamosi, mwezi wa pili. Alasiri imeshaswaliwa. Joto la leo halina adabu, hata maji ya mtungini yana uvuguvugu.

Kitandani kwangu wamelala wanaume tisa. Vichwa tu.

Nasema kofia, msije mkanipeleka kwa shehe. Ziko tisa, nimezipanga juu ya shuka safi, na chumba kinanuka mafuta ya nywele, udi na jasho la watu wazima. Chumba hiki kilikwisha kuisahau harufu hiyo. Nimekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, naandika haya kwenye simu, na nangoja kofia ya kumi inayotoka Pangani.

Nieleze kwa atakayepita hapa kwa mara ya kwanza. Mimi ni mshona kofia za mkono, hapa hapa Bagamoyo, mitaa ya zamani. Binti yangu Rukia ndiye mchoraji wangu. Anachukua kitambaa cheupe cha bafta, anachora nakshi kwa penseli, mimi natoboa matundu kwa sindano na kuyazungushia uzi mpaka mchoro wote ufunikwe. Kofia moja inaweza kunila miezi miwili. Ikiisha naifua, penseli inatoka, naitia kanji isimame, naikausha juu ya sufuria lililopinduliwa, kisha inaondoka na kichwa cha mtu.

Tunafanya hivyo tangu Rukia yuko darasa la tano. Sasa amemaliza kidato cha nne, na matokeo yake ni mazuri kuliko nilivyothubutu kuomba.

Na anataka kuondoka.

Kuna shule kule milimani, Lushoto, wanafundisha uchoraji kama somo kamili mpaka kidato cha sita. Rukia anataka asome hapo, halafu chuo kikuu, asomee kubuni vitambaa. Kaka yangu Athumani, ambaye amekuwa kama baba humu ndani tangu nilipoachika, anaitaka shule ya Mapinga. Ni shule nzuri, ina jina, na mtoto anarudi nyumbani kila Ijumaa.

"Kuchora kofia na kidato cha sita, wapi na wapi?" Athumani alisema siku ile tukila. "Mama yako hana hata cheti cha kushona, na anashona."

Rukia hakunyanyua uso. "Mjomba, kila nilichokichora tangu utoto kimefunikwa uzi kikafuliwa. Nataka nichore kitu kikae."

Athumani akakohoa. Mimi nikajifanya natafuta sindano.

Kinachonichekesha, watu wanatoka Songea na Bukoba kuja kusomea sanaa katika mji huu, na wangu ananiacha aende kwenye baridi. Nilimwambia, chuo hiki hapa mwanangu, unakwenda kwa miguu, mchana unarudi kula. Akasema chuo kikuu anachokitaka kinataka kidato cha sita. Alishauliza. Huyu mtoto huuliza kila mahali kwanza, mimi huniambia mwisho.

Niseme kweli, maana hapa ndipo ninaposemea kweli. Shule ya Mapinga naitaka mimi kuliko Athumani. Yeye ni mdomo tu. Mimi ndiye ninayetaka kusikia kandambili za Rukia ukumbini kila Ijumaa.

Basi wiki iliyopita mwalimu wa uchoraji wa Lushoto akapiga simu. Mwanamke, ana sauti ya pole. Alisema Rukia aende Jumatatu wamwone, na aende na kazi zake kumi. Si picha za kwenye simu. Kazi zenyewe, wazishike.

Rukia aliweka simu chini akanitazama. Kazi gani? Humu ndani hakuna kazi ya Rukia hata moja. Mchoro ukiisha unakuwa kofia, na kofia ikiisha inakuwa ya mtu. Kazi zote za mwanangu zinatembea mjini juu ya vichwa vya wanaume.

Nikafanya kosa ambalo mwanamke mwenye akili timamu hafanyi. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, watu wakitoka msikitini, nikasimama ng'ambo ya barabara nikamwita Mzee Bakari muuza mkaa, mteja wangu wa siku nyingi. Nikamwamkia, nikamwomba anipe kofia yake. Akanivulia pale pale, masikini, akabaki na upara unang'aa juani, akaenda zake kwa haraka.

Mwanamke aliyeachika anamvua kofia mume wa mtu mchana kweupe. Kofia iliyovaliwa, yenye jasho la kichwa. Kila mtu wa pwani anajua jasho la kichwa cha mume linapelekwa wapi, na mganga analifanyia nini.

Sukari yangu ya chai ilikuwa haijayeyuka, Bi Zuhura, mke wa Mzee Bakari, yuko mlangoni. Hakupiga hodi.

"Mama Rukia, nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea, dada."

"Basi nipe kofia ya mume wangu. Na kama umeshakata uzi hata mmoja, sema sasa hivi."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Rukia ndiye aliyetoka chumbani. Akamwamkia, akamkalisha, akamgeuzia ile kofia ndani nje. Akamwonyesha majani ya mkwaju aliyoyachora pembeni, moja moja, na mahali alipobadili mkono kwa sababu bafta ilikuwa imejikunja. Akamweleza habari ya Lushoto. Bi Zuhura alisikiliza huku ameishika kofia kwa mikono miwili.

"Mwaka wa tatu naifua hii," alisema mwishowe. "Sikujua kama ni majani."

Kisha akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Wewe mama yake, kaa ndani. Usiombe mtu tena, utatuvunjia ndoa za watu. Nitazikusanya mimi." Na amezikusanya. Amepita kwa wanawake, nyumba kwa nyumba, na leo asubuhi amezileta kwenye kapu, kila moja ina jina la mke kwenye kipande cha karatasi. La mke, si la mume. "Nao nitawarudishia wenyewe," alisema.

Tisa.

Ya kumi Rukia hakuitaja. Jumanne nilimwona tu anahesabu kwa vidole zile zilizoahidiwa, anafika tisa, anaanza upya.

Ya kumi ni ya baba yake. Ndiyo kofia ya kwanza aliyochora Rukia maishani. Tulikuwa tumetoka Kiwangwa, shambani kwa bibi yake, msimu wa korosho, na alikuwa amejaa korosho kichwani. Akachora mabibo kuzunguka kofia nzima, kila bibo na korosho yake inaning'inia chini kama Mungu alivyoumba. Ila moja. Katikati ya kazi aliigeuza bafta mezani bila kujua, akachora bibo moja miguu juu, korosho iko angani. Alipogundua alilia. Nikamwambia acha, nitaishona hivyo hivyo. Baba yake akaivaa siku ya Idd, na kila aliyemsalimia alimwonyesha lile lililopinduka. "Hili la binti yangu," anasema, kana kwamba mengine yamechorwa na mtu mwingine.

Nimemkumbuka. Basi, nimesema.

Sasa yuko Pangani, ana mke, anaitwa Mwanahawa. Sijawahi kumwona. Nimewahi kumchukia, lakini chuki nayo inachosha, ina gharama ya usingizi. Tuliachana na yule bwana kwa wema, kwa maneno machache, mtu hana hata ugomvi wa kujishikiza. Rukia huenda kwake likizo, anarudi hasemi kitu, nami siulizi.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Jumatano nilipiga simu, na sikumpigia yeye. Nilimpigia Mwanahawa.

Nikamsalimu, nikajitaja. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, Lushoto, mwalimu, kazi kumi, kofia ya mabibo. Nikasema naiazima tu, na nikaapa. Nilijisikia ninavyosikika: mke wa zamani anaomba kofia ya mume. Ningekuwa yeye ningekata simu nikachome ubani.

"Nimekusikia, dada," alisema. Halafu: "Rukia hajambo?"

"Hajambo."

"Haya."

Ndiyo yote. Tangu Jumatano nimekaa na hiyo "haya" sijui ni ya ndiyo au ya hapana. Na nikiri jambo jingine: kuna saa niliomba isije. Isipokuja, zitakuwa tisa, na huenda mwalimu akasema hazitoshi, na huenda mwanangu akasoma Mapinga. Mama gani anaomba hivyo? Mimi.

Nimeacha kuandika hapo juu kwa sababu gari la Pangani limefika. Athumani ameleta kifurushi, kimefungwa kwa kipande cha kanga, fundo dogo la mkono wa kike. Ameniachia akatoka uani, kaka yangu anajua mambo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu yake. Nimekaa kitandani kati ya wale tisa, nimefunga mlango, nimefungua fundo, nimeileta puani kama mwendawazimu.

Sabuni. Sabuni na kanji.

Mwanahawa ameifua. Bila shaka ameifua, ameisugua mpaka hakuna jasho hata la kumrogea mende. Nimecheka peke yangu hadi machozi. Mimi ningeifua mara mbili. Lakini pia ameitia kanji vizuri, imesimama, ameikausha juu ya kitu cha duara kisicho na kona. Hakuitupa tu majini.

Ndipo nikaanza kuizungusha kutafuta lile bibo.

Upande ule uzi wangu umekwisha. Miaka imeula, ndipo pale mwenyewe anaposhika akivua. Umeshonwa upya, na si juzi kwa ajili yangu, maana uzi wenyewe nao umeshafifia. Mkono si wangu. Mimi nazungusha uzi kulia, huyu Mwanahawa anazungusha kushoto, na anabana kuliko mimi. Tundu kwa tundu, amefuata mchoro ambao hakuuona ukichorwa, ambao penseli yake ilikwisha kufuliwa zamani.

Na bibo bado limepinduka.

Angeweza kuligeuza. Fundi yeyote angeligeuza, angesema hapa mtu alikosea, nirekebishe. Yeye ameliacha miguu juu, korosho angani, ameliimarisha hivyo hivyo. Kosa la mtoto wa mwanamke mwingine, amelitunza miaka yote hii ndani ya nyumba yake, na hakuna aliyemwomba.

Nimekaa na kofia hiyo magotini. Nilikuwa nikijiuliza nani huko Lushoto atamjua mwanangu, nani atajua kwamba akinyamaza hajanuna, kwamba hupinda mdomo akichora, kwamba baridi humwingia kifuani. Nimejiuliza hivyo kila siku tangu matokeo. Leo nimeacha kuuliza kwa hasira.

Nimemwita Rukia. Ameingia, ameiona. Ameiweka mwisho wa safu, ameivuta nyuma kidogo, kisha ameirudisha mbele.

"Zimetimia, Mama."

"Zimetimia."

Kisha nimemwambia achukue bafta. Namtaka achore kofia moja ya baba yake kabla hatujaondoka kesho, mabibo tena, kwa mkono wake wa sasa. Tutairudisha ile ya zamani Pangani tukitoka Lushoto, na hii mpya tutaifunga pamoja nayo. Ikiwa na penseli tu, haijatiwa sindano hata moja.

"Haijashonwa?" ameuliza. "Nani atashona?"

"Mwanahawa."

Amenitazama, mtoto wangu huyu anayeuliza kila mahali kwanza. Leo hakuuliza zaidi. Amechonga penseli, ameilaza bafta mezani, kisha akasema, kama fundi anavyomwambia mteja, kwamba hawezi kuanza bila kipimo cha kichwa.

Sikuigusa ile kofia. Nimevuta uzi kwenye kidonge, nimeukata kwa meno bila kupimia kitu, nimempa.

Rukia ameuzungusha kwenye kofia ya baba yake kuhakikisha. Ncha zimekutana.

Kesho alfajiri tunapandia gari Msata. Ee Mola, wakimchukua mwanangu nitalia, na wasipomchukua nitalia zaidi. Nami, kwa umri huu, nani atanifundisha kusahau kipimo cha kichwa?