Mgeni wa Mita

Jumatatu, 23 Machi 2015
Zamu imeisha saa tisa. Miguu inauma. Nimebandika maharage, nikafungua barua: bili ya mwisho ya kampuni ya gesi tuliyoihama. Ya makisio. Wamekisia kama vile tunaoka mikate ya Columbus nzima. Nikiilipa, gari la kukodi la kupeleka kwaya Louisville halipo. Mdogo wangu Jeni anaolewa huko tarehe kumi na nane Aprili. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, nilimbeba mgongoni huyo. Haolewi bila sisi kuimba.

Jumanne, 24 Machi
Nimepiga simu wakati wa mapumziko. Wanasema msomaji wa mita alikuja Jumamosi ya mwisho ya Februari, akashindwa kuifikia. Uongo. Siku ile kwaya nzima ilikuwa kwetu, chini kwenye besimenti, mita ilipo, mazoezi tangu asubuhi. Mlango wazi. Nani angemzuia? Nimewasomea namba ya leo. Haisaidii, wanataka ya siku ile. Nina hasira hadi mboga nimeitia chumvi mara mbili.

Alhamisi, 26 Machi
Nimepiga tena. Muziki wao wa kusubirisha nimeshaukariri. Mjomba naye kapiga kutoka Buffalo: theluji bado ipo, suti ya harusi iko tayari. Sikumwambia kitu. Elia anasema tulipe yaishe. Mume mzuri, lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Dada si wake.

Jumapili, 29 Machi
Nimecheka mpaka machozi.
Baada ya ibada binti yetu Neema katuonyesha video ya mazoezi yale, aliyomrekodia Jeni. Kwenye kiti kizuri, chini ya mabomba, amekaa mzungu mwenye kizibao cha manjano, sahani ya ugali na maharage magotini. Nilimpakulia mwenyewe. Alijaribu kusema kitu, kwaya ikamzidi sauti. Nikamketisha. Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Kala, maombi yakaanza, kainamisha kichwa. Simu yake ikaita, akatoka kwa kunyata.
"Mimi nilijua umemwalika wewe," nikamwambia Elia.
"Na mimi nikajua ni wa kazini kwako."
Nyuma ya sikio la mgeni, mita. Namba zote zinasomeka. Bwana asifiwe. Kumbe aliyemzuia msomaji wao ni mimi, kwa ugali.

Jumatano, 1 Aprili
Picha ya kwenye video imekwenda kwa kampuni, na tarehe yake. Siku ya wajinga leo, nikaogopa wataona ni mzaha. Mama wa kwenye simu akauliza kile kwenye sahani ni nini. Nikamweleza mpaka namna ya kusonga.

Ijumaa, 10 Aprili
Bili mpya. Ndogo, ya haki. Nimeruka jikoni, goti likalia, nikaruka tena. Gari limekodiwa.

Jumapili, 19 Aprili
Louisville. Jeni kaolewa. Sauti sina. Mjomba kacheza mpaka suti ikapasuka mgongoni, akaendelea. Nimelia mbele za watu na sioni aibu. Nina furaha, basi.

Alhamisi, 30 Aprili
Manyunyu tangu asubuhi. Kumbe unahama muuza gesi, msomaji wa mita anabaki yule yule. Amegonga mchana. Ameshuka chini, akasoma mita kwanza, akaandika. Halafu akapanda, akavua kizibao, akavuta kiti.
Maharage yalikuwa yameiva.