Kumwombea Wambui Nafasi

Ijumaa, 11 Agosti 1995

Nimechuma chai hadi saa sita. Vidole vimepasuka tena kwa baridi. Mchana nimepaka mnyororo mafuta na kujaza magurudumu upepo. Baiskeli moja ni ya Baba. Nyingine ni ya duka la baba yake Wambui, ya kusambazia mikate. Zote za kiume. Tutavaa kaptura za michezo chini ya sketi.

Wambui anahamia Nakuru na watu wa kwao mwisho wa mwezi. Mtihani wa darasa la nane tumesajiliwa hapa Silibwet. Akienda, atarudia darasa. Baba yake amesema anaweza kubaki kwetu hadi Novemba, sisi tukikubali. Mama amekubali. Baba anasema mtoto wa kabila lingine hawezi kulala kwake kama Kogo hajamwona. Kogo ni nyanya yangu, mama yake Baba. Anaishi Chebunyo na baba yangu mdogo na ng'ombe. Basi kesho tunaenda kumwomba. Wambui ndiye rafiki yangu wa pekee. Naogopa.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimechoka hata kalamu ni nzito.

Tumeondoka na ukungu. Mteremko hadi Bomet ulikuwa mtamu, lakini mikono iliganda kwenye breki. Baada ya hapo mashamba ya chai yakaisha. Jua. Vumbi la kuingia menoni. Kilima, halafu kilima. Baiskeli ya mikate ni nzito kama jiwe, na Wambui ameanguka nayo kwenye kokoto. Goti limechubuka vibaya. Kabla ya Sigor gurudumu langu likapata pancha. Tukasukuma.

Huko Sigor, wanaume waliokaa nje ya posho mill ya kusagia mahindi wakatuangalia kama sinema. "Hizo paiskeli mnapeleka mnada?" mmoja akauliza. "Na huyu mwingine ni wa kwa nani?"

"Wa kwa baba yake," Wambui akajibu.

Wakacheka sana. Mmoja akainuka, akatubandikia kiraka.

Kutoka hapo kila tuliyemuuliza alisema Chebunyo ni hapo tu, na kuchongoa mdomo kuonyesha upande. Hapo tu haikufika. Wambui akalaza baiskeli, akakaa chini. Akasema kama nyanya yangu alitaka kumwona, angekuja mwenyewe. Hasira ikanipanda. Nikamwambia basi aende Nakuru. Ni neno baya na nililisema. Tukaendelea, yeye mbele akichechemea.

Tumefika ng'ombe wakiingia bomani.

Jumapili, 13 Agosti

Jana nililala na kalamu mkononi. Naandika yaliyobaki.

Kogo alimwosha Wambui goti kabla ya kutusalimia vizuri. Akatupa ugali na mursik, yale maziwa ya kibuyu. Kogo anajua lugha yetu ya Kipsigis tu, hajui Kiswahili. Kipsigis cha Wambui ni cha sokoni tu, cha kuuliza bei. Kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa katikati, nikitafsiri, na macho yanafunga yenyewe.

Nikaeleza ombi letu. Kogo akasema huyu mtoto amekuja na ng'ombe jioni, kwa hivyo jina lake ni Cherotich, na Cherotich ana nafasi kwetu. Nilitafsiri haraka kwa furaha.

Wambui akaweka kikombe chini. "Mwambie asante. Lakini mimi nina jina. Ni la nyanya yangu, na alishakufa. Nikiliacha ni kama kumzika tena."

Ningeweza kusema "asante" pekee. Hakuna ambaye angejua. Kukataa jina alilotoa Kogo, mbele ya baba mdogo, ndani ya nyumba yake! Lakini ni jina la nyanya yake Wambui. Nikatafsiri yote, nikiangalia moto. Baba mdogo akaacha kula.

Kogo akasukuma kuni motoni. Kisha akauliza kama huyo nyanya alikuwa mkali.

"Sana," Wambui akasema. "Alikuwa anaturushia kuni."

"Basi abaki na jina la mwenyewe. Sitaki kurushiwa kuni kutoka huko aliko."

Baba mdogo akacheka hadi akakohoa. Nikauliza, na kulala kwetu, Kogo?

"Kwani nimesema asilale?"

Leo baada ya kanisa tumelala mchana wote kama wagonjwa. Nilimwomba Wambui msamaha kwa neno lile. Akasema hata yeye alikuwa amechoka.

Jumatatu, 14 Agosti

Kurudi ni kupanda tu. Mvua kuanzia Bomet. Tumesukuma zaidi ya kuendesha. Makalio yanauma, siwezi kukaa niandike.

Jumamosi, 26 Agosti

Lori la akina Wambui limeondoka asubuhi. Alisimama barabarani hadi lilipopotea kwenye kona, kisha akaja jikoni. Mama alimwachia maziwa motoni ayaangalie. Yakafurika yote.

Mama amekuwa akimwita mgeni wetu, na kumpa kiti. Leo amemkaripia kwa Kipsigis, kwamba macho yake yako wapi, vile vile anavyonikaripia mimi. Wambui hakuelewa hata neno. Akachukua kitambaa, akapangusa jiko, akaniuliza amesema nini.

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupangusa.