Fomu ya Ruhusa

Nakuru, 20 Aprili 2008

Ndugu yangu Ogola,

Shangazi amenipigia, anasema uko kwake na unakula vizuri. Huku mvua imeanza, na Molo wanapanda viazi tena.

Maktaba yetu ya chuo haina pesa za majarida ya nje, lakini tunapanga kuweka tasnifu zetu kwenye mtandao, zisomwe bure. Mwaka jana ulikataa katakata kutoa yako ya uvuvi wa ziwani, eti utaibiwa. Nani ataiba samaki wa Kamere, Ogola?

Najua nakala yako iliungua na nyumba yako ya Naivasha, katika ghasia za Januari. Ile ya maktaba nilikuwa nimeshaiskani bila kukuambia. Nisamehe. Ukitia sahihi fomu hii, hata wewe utaisoma kwenye kompyuta ya saiba yoyote yenye intaneti.

Penye anwani yako niliandika Naivasha, nikafuta. Jaza mwenyewe.

Dadako,
Aluoch