Magurudumu ya Ndege Yako

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Chunya hatujambo, na babu yako anakusalimu toka shamba la tumbaku.

Umeuliza kama ile ndege yako ya kivita ya rimoti uifunge magurudumu madogo, yanayojikunja yakaenea ndani ya bawa, au makubwa, yasiyoenea hadi ulikate bawa ulilochonga miezi mitatu.

Babu yako alipokuja kuniposa, alifunga baiskeli yake matairi membamba ili apendeze. Mchanga ukamshinda, akafika jioni kaibeba begani, wazee wameshatawanyika. Mwezi uliofuata alirudi na matairi mapana. Madigadi ya kuzuia tope, aliyoyang'arisha kila siku, alikuwa ameyakata mwenyewe ili matairi yaenee.

Uwanja wenu wa Kilolo ni nyasi na matuta. Likate bawa, mjukuu wangu. Mimi nilipoyaona yale madigadi, nilimkubali kabla hajashuka.

Bibi yako