Mursik ya Koito Kwenye Sela

Sotik, 6 Juni 1994

Kwako Nelvine mtoto wangu,

Nakusalimia sana, wewe na wenzako wa kolej. Unakula vizuri? Ile kikohozi iliisha? Sisi huku tuko tu, goti yangu ndio inasumbua na hii baridi, na ile ng'ombe ya madoadoa ilizaa.

Sasa maneno. Baba yako mdogo Kiplangat amepata wazimu mpya. Unajua ile chumba iko chini ya hii nyumba ya mzungu tuligawiwa, ile ya kuteremka ngazi, mpishi wa zamani alikuwa anaita sela. Tangu tuingie hapa mimi huko sishuki. Inanuka kama soksi ya mgonjwa. Ukuta inatoa jasho, vyura zinaruka. Basi Kiplangat amepeleka huko vibuyu yote ya mursik ya koito yako, hiyo maziwa lala tuliweka ya kupokea wakwe, akafunga na kufuli. Ati ni baridi, haitaharibika. Nikamwambia mursik inakaa juu, darini, isikie joto ya jiko na moshi. Wapi umeona mtu anazika maziwa? Akasema mimi sijasoma.

Lakini sababu si baridi, wacha nikwambie. Ni uchoyo. Ikikaa darini jirani anaiona, inabidi apewe kikombe. Juzi Ayoo, yule mama wa kiwanda ya chai, alikuja na mtoto mgongoni kuomba kidogo. Kiplangat akamwambia, "Dada, hapa hakuna hata ya chai," na mdomo yake ya juu iko nyeupe na maziwa. Ayoo akaangalia hiyo mdomo vizuri. Akasema, "Asante mzee. Pangusa basi." Mimi nilitamani nipotee. Yaani tangu baba yako atuache sisi ndio wazazi wako, na huyu ndiye atasema mbele ya wakwe.

Uliza walimu wako hiyo neno sela maana yake nini na ilitoka wapi. Waandike kwa karatasi ni mahali ya viazi, si ya maziwa, nimsomee. Watu wa Kipkurui mchumba wako wanakuja kukuposa kutoka Merigi tarehe mbili mwezi wa saba.

Ni mimi, mama yako mdogo,
Chepkosgei

Kolej, 14 Juni 1994

Mama mdogo mpendwa,

Barua yako imenikuta nikiwa mzima, kikohozi kimeisha, na hilo goti ulikande na maji ya moto. Mtihani umefika kwa hivyo siku hiyo ya kwanza sitakuwepo. Nawategemea.

Hilo neno nimelitafuta kwenye kamusi kubwa ya maktaba. Limetoka kwa Kiingereza, Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, nao wakalitoa kwa Warumi wa kale. Warumi waliita cella chumba kidogo, na chumba cha kuweka vyakula wakakiita cellarium. Wasomi wanasema cella ni ndugu na neno lao la kuficha. Baadaye watawa wa kanisa walikuwa na mtu wa kutunza hiyo sela, na kazi yake ilikuwa kugawia watu chakula. Msomee Baba mdogo hapo pa kugawa. Viazi sikuviona popote, samahani.

Mama, hivyo vibuyu vitolewe. Nimekula mursik yako maisha yangu yote, najua inakaa wapi.

Mtoto wako,
Nelvine

Sotik, 21 Juni 1994

Nelvine mama,

Goti inasema asante, na sisi wengine tunapumua.

Heri ungenyamaza. Nilimsomea. Kufika hapo kwa Warumi na kuficha akanyang'anya mimi karatasi. "Umeona? Hata wao walificha." Nikamwambia endelea basi, kuna kugawa hapo chini. Akasema hiyo ni mambo ya Wakatoliki. Sasa anatembea nayo mfukoni mpaka Chepilat, anaelezea watu sokoni. Kufuli ameongeza ya pili. Mimi harufu naisikia nikiwa jikoni, inapita kwa mbao chini ya miguu yangu. Namwambia, ananiambia ni pua yangu ina wivu.

Mama yako mdogo

Sotik, 5 Julai 1994

Nelvine,

Sijui nianze na salamu gani. Tuko hai.

Walikuja. Wazee wamevaa makoti, mama zao na shanga, mzee Kipngetich baba ya Kipkurui mbele na fimbo yake. Maneno ilienda vizuri. Kiplangat akashuka mwenyewe na ufunguo, akapanda na kibuyu, akampa mzee Kipngetich kwanza. Kibuyu imeota manyoya, mtoto wangu. Manyoya ya kijani kama mgongo wa kiwavi. Alikuwa ameipangusa na shati. Mzee akakunywa kwa heshima. Akasimama na mashavu imejaa. Akaenda mlangoni, akatema. Ikatoka kipande, nilifikiri ni ulimi yake.

Tulifungua ingine, ikalia pssss kama tairi. Ingine ilikuwa na funza, zinacheza. Mama mmoja akatapika kwa maua yangu. Hawakugombana na sisi. Walichukua makoti yao wakaenda, hakuna mtu alisema kwaheri.

Kiplangat ameniambia ni mimi sikuosha vibuyu.

Mama yako mdogo

Kolej, 11 Julai 1994

Mama mdogo,

Natumaini mko salama. Mimi mwili ni mzima tu.

Kipkurui alikuja hapa jana. Anasema baba yake hajakasirika, ni mbaya kuliko hiyo. Anauliza tu, "Nyumba inayoficha maziwa mpaka yaoze, itatuletea msichana gani?" Baba mdogo ameniandikia ati niwaambie wakwe hukuosha vibuyu. Nimechoma hiyo barua. Sitaki kuiona mikononi mwangu.

Nampenda huyu mtu, Mama. Sina mzazi mwingine wa kutuma.

Mtoto wako,
Nelvine

Sotik, 1 Agosti 1994

Kwa Nelvine mtoto wangu,

Nakusalimia mara nyingi. Goti imekubali kutembea, kwa maana nilienda Merigi.

Sikuenda mkono mtupu. Nilipita kwa majirani kuomba mursik. Chepkirui akanipa kibuyu, mama wa kanisani akanipa ingine. Ayoo hana ng'ombe, akanibebea mpaka barabarani. Njiani akasema, "Mzee wako alipangusa mdomo?" Tulicheka mpaka nikakaa chini.

Mzee Kipngetich hakugusa kibuyu. Akaniuliza, "Chepkosgei, nani alifungia maziwa?" Unanijua mimi kwa kuongea, lakini hiyo ilikuwa ngumu. Ni bwana yangu. Nikasema, "Ni Kiplangat. Alikuwa anaficha majirani wasiione." Mama ya Kipkurui akasema, "Tulijua. Tulitaka kuona kama kuna mtu kwa hiyo nyumba atasema." Ndio mzee akakunywa. Akampa mama, wakamaliza kibuyu.

Watarudi tarehe ishirini na saba. Lakini si hapa. Itakuwa kwa Chepkirui, na msemaji si Kiplangat. Nilikubali hapo hapo bila kuuliza mtu.

Nyumbani amenyamaza. Anasema nimemvua nguo mbele ya wakwe. Ni kweli, nimemvua. Chakula yangu hataki, anajipikia ugali mbichi huko nyuma, na usiku ananipa mgongo. Sijawahi kuishi kwa nyumba imenyamaza hivi. Inauma, sitakudanganya.

Wewe maliza mtihani uje na ile nguo ya buluu. Nimemwambia siku na mahali, nikiangalia mgongo yake. Akikuja atapewa kiti na kikombe kama wageni wengine. Asipokuja, tutaanza.

Mama yako mdogo,
Chepkosgei