Jivu Langu na Chupa ya Tatu

Kyebando, Kampala
Tarehe 14 Aprili 2025

Mpendwa mjukuu wangu Ayoo,

Hujambo huko Uholanzi? Unakula? Baridi isikumalize, vaa soksi mbili. Mimi mzima, goti tu linanigombeza mvua ikija. Mkono unaoandika ni wa jirani yangu Bibiane, yule Mkongo. Nimemkataza kulainisha neno langu hata moja.

Ayoo, nimekasirika. Ulisema mtapima mbolea inayotorokea hewani shambani mwangu, nikakubali. Mwenzako Travis akaja na chupa za soda zilizokatwa vitako, akazisimamisha katikati ya mahindi, kila moja na sponji yenye dawa ya kunasa ule mvuke. Kila asubuhi anabadilisha sponji. Salamu yake nusu.

Wiki iliyopita akaniambia, "Jaja, bibi yangu, chupa ya tatu imenasa mara tatu ya zile nyingine. Umeongeza mbolea ya yurea?" Mimi! Mjane wa polisi nikuharibie kazi yako kwa siri? Nilimfokea mpaka kuku wakakimbia.

Hasira ilipopoa nikakumbuka. Upande wa chupa hiyo sota, wale funza wanaokata miche, walikuwa wananimaliza, nikawamwagia jivu la jikoni kama mama yangu alivyofanya. Na kweli, lilipogusa yurea, harufu ilinipiga puani mpaka machozi. Nilimweleza Travis, akashika kichwa. Kumbe jivu ndilo linaloifukuza mbolea! Sasa anataka kuitupa ile namba ya chupa ya tatu, eti kipande kile kimeharibika.

Kimeharibika nini? Hapa kwetu nani analima mahindi bila jivu? Mkipima shamba lisilo na jivu, mnapima la nani? Miaka yote hii nanunua mbolea, halafu naifukuza kwa mkono wangu mwenyewe, na nyinyi mliosoma mnajua, mmenyamaza! Hakuna aliyeniuliza ninamwaga nini shambani. Namba hiyo usiikubali itupwe. Iandike: chupa ya tatu, jivu la Adyero.

Tena unijibu upesi, mama. Nimeacha jivu siku nne, sota wamekata miche kumi na saba. Niwaue kwa dawa gani?

Shangazi yako Florence anakusalimu, na mjomba Odyek anauliza utaolewa lini. Mimi nimemwambia anyamaze. Mungu akulinde, akupe akili ya kupima na adabu ya kuuliza.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikufokea,
Adyero