Mbarika za Mzee Mramba

Mwabungo, 3 Machi 2025

Mwanangu Nusra,
Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti. Baridi ya Nairobi yakutendeani? Watu waniuliza wafanya kazi gani huko maabara ya serikali, nami sina jibu. Niambie.
Mamako

Nairobi, 9 Machi

Mama, shikamoo.
Sijambo, ni mafua tu. Pole na goti. Kazi yetu ni sumu za viumbe na mimea: samaki bunju, ukungu wa mahindi, hata mbegu za mbarika. Mtu mbaya aweza kuzigeuza silaha. Sisi twatafuta njia ya kuzitambua upesi, na dawa, maana nyingine hazina dawa hadi leo. Usiwe na hofu.
Mwanao, Nusra

Mwabungo, 15 Machi

Mwanangu,
Alhamdulillahi tumeamka salama. Mafua yamekwisha?
Nimelifanyia taifa kazi. Jirani yetu Mzee Mramba, yule ambaye mbuzi wake wamemaliza mihogo yangu, amejaza mbarika nyuma ya nyumba. Nikaenda kituoni nikawaambia, "Mwanangu wa serikali asema hiyo ni silaha." Jana wamemchukua, yeye na gunia la mbegu. Mbuzi wamewaacha, sijui kwa nini.
Mamako

Nairobi, 18 Machi

Mama, shikamoo.
Hali sikuulizi leo. Mbarika yaota pwani nzima. Hata mafuta unayopaka nywele ni ya mbarika, nayo hayana sumu hiyo. Gunia limeletwa mezani kwangu, na jina lako juu yake: mtoa habari. Mkubwa wangu ameniuliza kama twajuana.
Hofu nayo yaumiza watu, Mama, tena kabla sumu haijawafikia. Nimeandika kwamba mzee hana kosa, ataachiliwa. Nenda ukamtake radhi.
Mwanao, Nusra

Mwabungo, 22 Machi

Mwanangu,
Natumai hasira zimepoa. Mramba ametoka, amekonda kidogo. Nilimpelekea wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akaliangalia sinia, akasema, "Mwanatumu, tangulia wewe."
Nikala tonge. Akangoja, amenikodolea macho.
"Ongeza."
Nikaongeza. Nilipofika nusu ya sinia ndipo akanawa mikono. Nikamwambia, "Nisamehe, jirani." Akasema, "Nimesikia," akaanza kula.
Kisha mkewe akatoka jikoni, akaketi, akaniambia nianze upya.
Mamako, aliyeshiba